Kitanda cha Mcheri cha Eudochia

Mwaka umezunguka, Eudochia, tangu gari lilipokurudisha nyumbani kutoka Padova ukiwa umelala. Safari zote za nyuma ulikuja umekaa wima kwenye basi dogo la dereva wetu Sava, magoti yamebanwa na mafuta ya zeituni na sabuni ya unga ya majirani.

Tunakukumbuka kwa mikono yako iliyonuka vitunguu na marashi ya mtu mwingine. Tunakukumbuka kwa kucheka kwako kwenye simu kila Jumapili, umejiziba mdomo ili usimwamshe Bibi Ersilia, kikongwe uliyeajiriwa kumtunza huko. Ulimwosha, ulimlisha, ulimgeuza kitandani. Na mama yako mzazi hapa kijijini tulimlipa jirani, Tasia, amtazame, ili wewe upate nafasi ya kumtazama mama wa watu.

Mimi mumeo niliwaambia watu kwamba huko Italia unalalia kitanda chenye nguzo za dhahabu, na malaika wanne wamechorwa darini, mmoja ana makengeza. Ukaniambia, "Ongeza na chandarua cha hariri, Tudose. Ukidanganya, danganya vizuri." Ulikuwa unalala jikoni, kati ya friji na mlango, kwenye kitanda cha kukunja. Kila asubuhi ulikikunja kabla Gualtiero, mtoto wa bibi, hajaja kunywa kahawa. Pembeni ya kitanda hicho ndipo ulipoanguka.

Gualtiero alipiga simu siku ileile. "Pole sana, Bwana Tudose. Eudochia alikuwa mmoja wa familia yetu." Kisha akaongeza, "Samahani kuuliza, hana dada? Au binti? Hata wa miezi michache tu."

"Nipo mimi," nikamjibu. "Nina masharubu, lakini napika."

"Hapana, mama atashtuka," akasema. Maskini, alikuwa amefikiria kweli.

Kitanda chako unakijua. Niliuangusha mti wa mcheri wa uani, nikakichonga mwenyewe, nikakiweka kwenye chumba tulichojenga kwa jasho lako. Kilikuwa kizito hata farasi wa Sava alikiangalia akajifanya kilema. Ulisema utakilalia ukirudi mwakani. Na mwakani ukasema mwakani.

Arobaini yako ilipofika, tukakitandika ili tukitoe sadaka kwa ajili yako, kama desturi inavyotaka: godoro, mto, blanketi la sufu alilofuma mama yako, na mshumaa juu yake. Padri Ioanichie akasema, "Apewe mwanamke wa rika lake. Akikilalia yeye hapa, marehemu atakilalia kule."

Tukamtafuta mwanamke wa rika lako, Dochia. Nyumba kwa nyumba. Tulikuta vikongwe na wasichana wa shule. Wa rika lako wote wako Padova, Bologna na Roma, wanafuta midomo ya mama za watu. Hata Tasia alipanda basi wiki ya Pasaka.

Basi nikaamua kiende kwa Pelaghia, yule aliyeshika nafasi yako kwa Bibi Ersilia. Nilijiambia, angalau kitamtoa na yeye kwenye kile cha kukunja.

"Mzee Tudose," Sava akalalamika, "mimi nabeba watu na jibini. Sibebi vyumba."

"Kifungue vipande, ukibebe kama jibini."

Akakibeba. Wiki iliyofuata nikampigia Pelaghia. "Kimefika? Umelala vizuri?"

"Kaka Tudose, usinikasirikie. Kimefika. Gualtiero amesema jikoni hakiingii."

"Kwa hiyo kiko wapi?"

"Amesema ni kizuri mno kukaa bure. Wamemlalisha mama yao."

"Na wewe?"

"Mimi nipo palepale, kaka. Karibu na friji."

Nilimwambia Gualtiero mwenyewe kwamba kile ni kitanda cha marehemu, na kwa nini. Akasema ameguswa sana, na kwamba mama hajawahi kulala vizuri namna ile. Bibi akalala vizuri hadi msimu wa kuvuna zabibu, akafia humohumo, chini ya blanketi la mama yako. Pelaghia akaambiwa asante, akaenda kwenye nyumba nyingine na jiko lingine. Nikaomba kitanda kirudi. Gualtiero amekataa. Anasema ni kumbukumbu ya mama yake.

Nikamuuliza padri, kule ahera kitakuwa cha nani. Akakohoa, akaomba aongezwe divai.

Basi sikiliza, mke wangu. Ukimkuta Bibi Ersilia amelala humo, usimgeuzie mto. Usimfunike miguu. Usimuulize kama ana kiu, maana nakujua. Mwamshe. Mwambie mcheri ule ulikuwa wa uani kwetu, na ukimaliza kumwambia, panda ulale, wala usikunje kitu asubuhi.

Unakumbukwa na mumeo Tudose. Na binti yako Aglaia, anayekulilia kimyakimya huko Bologna, jikoni kwa watu. Na mama yako Ilinca, anayetazamwa sasa na mimi na masharubu yangu, na kila basi la Sava likipita huuliza kama umo.

Hatukusahau, Dochia, wala hatutakusahau. Lala.