Mzee Kipyego Amekikalia Kiti cha Katoni

Jeruto uko? Amekikalia. Mzee Kipyego AMEKIKALIA!!

Kile kiti cha mzungu, cha mchezo wetu wa kanisa. Nilikitengeneza na katoni za friji, tabaka juu ya tabaka na gamu, nikapaka rangi ya mbao. Hata Shitanda, anayeigiza huyo mzungu, nilimwambia akae polepole, na unajua vile amekonda.

Sasa kwenye mchezo tuko 1952, shambani. Shitanda anamfokea kibarua, "Vua kofia mbele ya bwana!"

Mara Mzee anainuka pale kwa wageni wa heshima, na ule mwili wake wote, anapanda jukwaani. "Wewe, toka hapo. Kiti kama hicho nilikipanguza miaka mingi nyumbani kwa mzungu na sikukikalia hata mara moja."

Shitanda akatoka kitini mbio. Nikapiga kelele, "Mzee, hiyo ni katoni!"

Akakaa.

Kiti kikalia kwiii. Nikafunga macho. Pasta naye akaanza kuomba.

Jeruto, KIKASHIKA!

Halafu Mzee akamgeukia Shitanda. "Vua kofia."

Akavua! Watu wakashangilia mpaka mchezo ukaishia hapo, na hata sehemu ya uhuru hatukuwa tumeifikia.

Sasa anakibeba nyumbani. Nimemwambia tena, "Mzee, kikinyeshewa kimekwisha."

Akasema sawa, lakini nitengeneze kingine cha Mama Jepkosgei, mke wake, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mpishi wa nyumba hiyo.

Jeruto, si juzi mlinunua friji?