Kilima cha Mbamba Bay

Msamala, Songea
22 Julai 1994

Shemeji Remmy,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na safari hii naliandika neno hilo bila kuficha kitu.

Tulikwenda Mbamba Bay kama ulivyotusisitizia. Julai hakuna anayekwenda kutembea ziwani. Baridi ilikuwa kali, na kwenye nyumba ya wageni tulikuwa peke yetu. Mwenye nyumba, Mama Nasma, alituazima mablanketi yake mwenyewe, akatupikia na dagaa.

Siku ya pili tulipanda kilima kilicho juu ya ufuko. Mdogo wako Urban alitangulia, kimya, kama alivyokuwa tangu apunguzwe kazini mwezi wa pili. Njia inapita ukingoni mwa majabali. Nilimfuata nimeshika shati lake, nikisingizia upepo. Barua yangu ya Mei uliisoma, unajua nilichokuwa naogopa.

Tulipofika juu kabisa alikaa chini, akamwita binti yetu Lidwina.

“Mwanangu, baba hana kazi tena.”

“Najua, baba. Nilikuwa nangoja uniambie.”

Alilia, shemeji, mbele ya mtoto, halafu akacheka. Akambeba mgongoni mpaka chini, akimsimulia jinsi ninyi wawili mlivyokuwa mkiiba miwa ya babu yenu.

Asante, shemeji. Mungu akuzidishie. Leo asubuhi Urban amechukua jembe, ameenda shambani Mshangano peke yake, na mimi nimebaki nyumbani nakuandikia.

Shemeji yako mwenye shukrani,
Getruda