Mkalimani wa Kagunga

Mwanga, Kigoma
Jumatano jioni

Kaka yangu Telesphory,

Shikamoo. Ningekuwa nimesimama mlangoni pako ningeanza na "mwakeye" ya Kiha kama shangazi alivyotuzoeza, lakini leo karatasi ndiyo inayobisha hodi, basi ipokee. Mguu unaendeleaje? Wifi Verediana aliniambia kwenye simu kwamba sasa unafika ufukweni bila fimbo, ila ukisikia boti ya mwendo kasi inakuja unarudi ndani na kufunga dirisha. Aliniambia kwa sauti ya chini, nadhani ulikuwa karibu. Na dagaa je? Huku mjini bei imepanda, wauzaji wa Kibirizi wanasema mvua imewanyima watu wa kaskazini jua la kuanikia.

Mimi ni mzima wa mwili. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamemaliza mtihani wa majaribio, na bati la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa. Hizo ndizo habari nilizo nazo za kukufurahisha. Zilizobaki nimejaribu kuziandika mara nne, na mara nne nimechana karatasi. Nivumilie nizieleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu unayajua nusu tu.

Unakumbuka mwaka jana, kabla ya mvua za vuli, ulipokuja ule ujumbe wa nchi rafiki kuzungumza na serikali yetu. Mazungumzo yao yalikuwa na mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja: kushirikiana kulinda ziwa dhidi ya magaidi, na misaada ya maendeleo kwa vijiji vya ufukweni. Wageni wale walizungumza Kifaransa. Akatafutwa mtu anayekijua, na ajue Kiswahili, na ajue Kiha pia, mkuu wetu wa shule akanitaja mimi. Nilipokupigia simu ulicheka sana, ukasema kumbe dagaa uliowauza ili nisome hatimaye wamefika Ulaya. Ulikwenda kuwatangazia watu wote wa Kagunga, kuanzia rafiki yako Dismasi.

Kikao cha siku ya kwanza kilifanyika hapa mjini na hakikwenda vizuri. Upande wetu uliongozwa na Bwana Walter, aliyetoka wizarani, mtu mpole asiyepandisha sauti. Upande wao aliongoza mama mmoja mwenye mvi, Bi Odile. Baada ya kusoma makabrasha yetu yote, Bi Odile aliuliza swali moja: hatari yenyewe iko wapi? Alisema tunaomba boti ya doria, zahanati, na jengo la barafu la kuhifadhia samaki, lakini kila ukurasa unasema ziwa letu limetulia. Fungu walilokuja nalo lilikuwa la maeneo yanayotishiwa na ugaidi. Walio salama, alisema, wana foleni yao, nayo ni ndefu. Bwana Walter alifungua faili, akalifunga.

Wakati wa chai alinisogelea. Aliniambia kwamba wageni wakiondoka hivi, akina mama wa Kagunga wataendelea kupakiwa kwenye boti wakiwa na uchungu, waletwe kujifungulia mjini, na wengine wasifike. Nilimkumbuka mama, kaka. Wewe ulikuwa naye kwenye boti alimofia, mimi nilikuwa mgongoni kwa shangazi. Kisha Bwana Walter akasema kesho tutakwenda kijijini, wananchi watazungumza wenyewe, na mimi ni mwenyeji, basi niwasaidie wasikike. Hakuniambia niseme uongo. Kwa miezi mingi nimetaka kumtwisha yeye, lakini maneno yake ni hayo tu niliyoyaandika.

Kesho yake tulikuja Kagunga. Mlitandika turubai karibu na mialo ya mitumbwi, watu wakajaa mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Dismasi alikaa kushoto kwako, akakushikia kofia uliposimama. Nataka uikumbuke sana sehemu hiyo, kwamba alishika kofia na hakufungua mdomo kuanzia mwanzo wa kikao hadi mwisho. Bi Odile aliuliza kama bado kuna watu wanaovuka kutoka upande wa Burundi. Kila mtu alikuwa ameambiwa azungumze lugha anayoiona nyepesi, nawe ukazungumza Kiha. Ulisema, "Wageni hufika hata sasa. Tunawapokea, wanakula, wakishapumzika nawapeleka kwa mtumbwi wangu waendako."

Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu kila mtu pale aliwajua wageni hao. Ni wajomba zake Verediana wanaokuja mazikoni, ni akina mama wanaoleta mawese siku ya soko, ni watu mliolala nao chini ya miembe mwaka ule wa wakimbizi mkagawana nao uji. Nikatafsiri. Bi Odile, aliyekuwa ameanza kutazama saa yake, akainua uso. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kalamu zote za meza ile zikaanza kuandika, na Bwana Walter, ambaye hakuelewa Kiha wala Kifaransa, akaziona kalamu na kunitazama kwa furaha. Wewe nawe ulitabasamu. Ulidhani umewafurahisha wageni.

Miezi miwili baadaye makubaliano yakatiwa sahihi. Mimi nilipongezwa, nikaitwa Dodoma kwa duru ya pili, nikapigwa ile picha uliyoitundika sebuleni nikiwa nimeketi kati ya bendera mbili. Wiki ya tatu baada ya sahihi, watu wawili walishuka kwenye boti ya mwendo kasi, wakauliza kwa Telesphory ni wapi. Ulikaa kwao miezi minne. Hukufikishwa mbele ya hakimu, hukusomewa kosa. Ulirudi na mguu huo, na amri ya kuripoti kila Jumatatu kwenye ofisi ya kijiji.

Uliporudi ulitusimulia walichokuwa wakikuuliza, swali lile lile kila siku. Walikuambia kwamba mtu aliyekuwepo kikaoni ameeleza wazi kuwa unavusha watu usiowajua bila kuwauliza. Ukaanza kutafuta ni nani. Ulitafuta aliyekuwa karibu, anayeujua mtumbwi wako, na ambaye alibaki na nyavu zenu ulipokuwa umefungiwa. Tulipokutana kwa shangazi Eufrasia kule Mwandiga, yeye ndiye aliyetamka jina la Dismasi kwanza. Ukanigeukia mimi, ukaniambia, "Mwalimu, wewe ulikuwa mezani na wakubwa. Unaonaje?"

Nilisema moyo wa mwenzako ni msitu. Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa nakula ndizi, nikaendelea kula.

Jumapili iliyofuata ulisimama nje ya kanisa watu wakitoka misani, ukamwita Dismasi msaliti mbele ya watoto wake. Uchumba wa mwanao Jeremia na Melania binti yake ukavunjika siku hiyo hiyo, vitenge vya mama mkwe vikarudishwa vikiwa bado vimekunjwa. Najua unajua haya. Nayaandika ili nisiweze kujifanya kwamba sikuyajua mimi.

Sasa nifike Jumamosi iliyopita. Melania alikuja hapa kwangu. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka minne, bado ananiita mwalimu na kuvua viatu mlangoni ingawa namkataza. Aliniambia baba yake amegawa nyavu, amepata kibanda cha kupanga kule kusini, Kalya, na mwisho wa mwezi wanahama kwa sababu hakuna anayetaka kuvua naye wala kukaa benchi moja naye kanisani. Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, akasema, "Mwalimu, ulikuwepo. Baba yangu alisema nini siku ile?"

Nilinyanyuka nikaenda kubandika chai. Nilikaa jikoni mpaka maji yakakauka kwenye sufuria. Niliporudi nilimwambia baba yake hakusema neno lolote. Akauliza, basi nani alisema?

Kaka, ni mimi.

Kwa Kifaransa kuna neno la mgeni unayemkaribisha ndani, na kuna neno la mgeni usiyejua atokako. Wewe ulisema la kwanza, mimi nikasema la pili. Na mwisho wa sentensi yako nikaongeza "bila kuwauliza majina". Hukusema hivyo. Hukukaribia kusema hivyo. Palikuwa na watu zaidi ya mia pale, na mimi peke yangu ndiye niliyesikia pande zote mbili. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba neno lilinitoka kwa haraka, kwamba kutafsiri ni kazi ngumu na jua lilikuwa kali. Halikunitoka. Nilikuwa nimeliandaa usiku wa kuamkia siku ile, nikingoja tu mtu wa kumtwika, na aliyesimama akawa wewe. Bi Odile aliponiomba nirudie nilipewa nafasi ya kulirudisha, nami nikalirudia neno kwa neno, kwa sauti zaidi.

Ningependa kukuambia nilifanya hivyo kwa ajili ya zahanati na kwa ajili ya mama. Ni kweli kiasi. Lakini nilitaka pia Bwana Walter anitazame vile alivyonitazama. Nilitaka niitwe tena. Na siku walipokuchukua sikufungua mdomo kwa sababu niliogopa, na ulipomtaja Dismasi sikufungua mdomo kwa sababu niliona nimepona. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonikosesha pa kuweka uso.

Melania alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Kisha akavaa viatu vyake.

Jumatatu nilimpigia Bwana Walter nikamweleza. Alisema sentensi yako imo kwenye kiambatanisho cha makubaliano, kama ushuhuda wa mvuvi wa Kagunga, na tukiigusa sasa msaada wote unaweza kuulizwa upya. Aliniuliza kama nimeziona kuta za zahanati zilivyofika kwenye lenta. Nilimwambia nimeziona. Hata hivyo jana nimeandika maelezo kwa lugha zote mbili, nikaweka ulichosema na nilichosema sambamba, nikasaini kila ukurasa. Moja nimeituma kwa Bi Odile, nyingine nimeipeleka mwenyewe kwa waliokushika, nao wameigonga muhuri wa kupokelewa. Nakala yako imo ndani ya bahasha hii. Leo asubuhi nimeambiwa sitaitwa tena kwenye mazungumzo, na kwamba huenda nikatakiwa kujieleza mahali pengine. Kuhusu wewe walisema wataliangalia. Sijui kama karatasi hiyo itakuondolea Jumatatu zako. Sijui pia kama itasimamisha ujenzi. Kama ukisimama, watu wa Kagunga wajue ni mimi niliyeujenga kwa uongo na ni mimi niliyeubomoa, wasikutazame wewe.

Barua hii anakuletea Melania kwa boti ya kesho. Nilipomwomba hakukubali kuipokea mkononi mwangu, alisema niiweke mezani, ataichukua mwenyewe. Hatamwambia baba yake. Alisema baba yake alitukanwa na Telesphory mbele ya watu, basi amsikie Telesphory kwanza. Nakuomba uende, kaka, kabla hawajafunga mizigo. Hata kama mguu unauma, hata kama huwezi kunisamehe mimi, nenda kwake kwanza. Yangu yanaweza kungoja miaka.

Jumapili nitakuwa hapo. Nitashuka na boti ya Jumamosi, na sitarajii mtu ufukweni. Watu wakitoka misani nitasimama pale pale uliposimama wewe, niwaambie yote niliyokuandikia. Nitayasema kwa Kiha, ili asihitajike mtu wa kunitafsiria.

Mpe salamu wifi Verediana. Jeremia mwambie shangazi yake anamwomba asimalize hasira zake zote kwa baba yake, aniwekee mimi. Shangazi Eufrasia nitapita Mwandiga kumwambia mwenyewe. Picha ile ya sebuleni naomba uishushe kabla sijafika. Na kama ndani ya nyumba yako kuna yeyote asiyetaka salamu zangu, usimlazimishe kuzipokea.

Mdogo wako uliyemsomesha,
Restituta