Baraza la Baba

Mjimwema, Njombe
Julai 1952

Baba Ema, kamwene.

Sisi tupo, ila baridi ya mwaka huu imenichosha. Kila asubuhi sakitu, ile barafu ya alfajiri, imepasua udongo wa baraza, nami naukanda upya. Nilikuandikia kwamba baba yako anataka baraza la kuotea jua. Nilidhani hivyo. Juzi fundi Odilo alimwuliza urefu. Mzee akatoka na blanketi lake, akajilaza chali chini, akasema, "Pima hapa, halafu acha nafasi ya kwaya ya kuniaga." Odilo akabaki ameshika kamba tu. Nikapima mimi.

Mbao za baraza kutoka Matembwe zimefika. Ema ameota meno.

Mkonge wa Tanga hauishi, Baba Ema. Omba ruhusa, uje umkute mzee angali amekaa.

Mkeo,
Esteria