Sarafu ya Chini ya Cherehani

Mdogo wangu,

Huku wazima, isipokuwa macho ya mama. Siku hizi anatia uzi kwenye sindano kwa kupapasa.

Zile sarafu za marehemu baba, ulizozisugua kwa majivu na limau hadi zikameta, nilizipeleka kwa mnunuzi wa sarafu za kale. Akacheka. "Nani kazikwangua hizi? Wakusanyaji wanataka ule weusi wa miaka." Za nchi yetu zinanunua peremende tu; za kigeni, hata peremende hakuna.

Usinune. Nilikumbuka moja iliyokuponyoka, ile baba aliyoisokomeza chini ya mguu wa cherehani isiyumbe. Nyeusi tititi. Kwa thamani iliyoandikwa juu yake hupati hata sindano, lakini yule bwana alivaa miwani, akaigeuza, akaigeuza tena. Hapo nikajua nimempata. Tukavutana bei, na mimi unanijua. Mama anapasuliwa macho Jumatatu, na hospitali nimeshalipa.

Chini ya mguu wa cherehani nimeweka moja ya zako. Mama akifunguliwa bandeji ataiona inavyometa, na ataniuliza aliyeisugua yuko wapi. Miaka yote nimekujibia. Safari hii njoo umjibu mwenyewe.

Ni mimi,
dada yako mkubwa