Kengele ya Bibi na Ile Namba Kamili

Chumbani kwa mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimeacha kukusumbua, au bado unalala na feni usoni kama mtoto asiyeambilika? Sisi hatujambo. Mama amelala hapa kando yangu, anakoroma taratibu, na miguu haimvimbi tena.

Shemeji yako amepaka rangi jikoni. Kabati amelipaka pamoja na kitasa chake, na sasa kulifungua ni kazi. Nimemsifu hivyo hivyo, maana alijituma.

Nije kwenye kilichonikalisha chini. Binti yangu, mpwa wako, alisoma ule mwongozo wako wa wanaoanza kuprogramu vibao vidogo vya elektroniki, akamtengenezea bibi yake kengele ya dawa. Kibao kihesabu sekunde tangu dawa iliyopita, zikitimia saa kumi na mbili kilie. Tulikijaribu kwa saa moja, kikalia vizuri, na mama akatamba mtaa mzima.

Siku ya dawa yenyewe hakikulia. Nikampelekea mama vidonge, akakataa katakata. "Kengele ya mjukuu wangu haijalia. Wewe una haraka gani?" Kesho yake aliamka na kizunguzungu, tukamkimbiza kwa daktari. Ameshapona, usihangaike.

Mwalimu wa mpwa wako ndiye aliyeligundua tatizo. Uliandika kwamba aina ya namba iitwayo namba kamili "hubeba namba yoyote isiyo na desimali". Kwenye kibao kile inaishia 32,767, na ukiongeza moja tu inaangukia kwenye hasi. Saa kumi na mbili ni sekunde 43,200, ingezifikia lini? Mtoto aliona neno kamili, akaamini haina upungufu. Hata mimi ningeamini.

Ndugu yangu, iandike upya sentensi hiyo. Sema kila aina ya namba inaanzia wapi na kuishia wapi, na kwamba kikomo hutegemea kibao. Sema pia kwamba kwa hesabu kubwa ipo namba kamili ndefu. Anayeanza hana pa kushika ila maneno yako.

Lakini linaloniuma zaidi ni jingine. Mpwa wako amefungia vifaa vyake vyote sandukuni, anasema hana kichwa cha kazi hii. Nimemweleza kosa ni la mwongozo, mwalimu naye kamweleza. Anajibu, "Mjomba hawezi kukosea, mama. Ni mimi sikuelewa." Nililia jikoni, nikajifanya ni rangi inaniwasha macho. Mwandikie wewe mwenyewe, umwambie ulikosea. Kutoka kwetu neno hilo halimwingii.

Mama anakusalimu sana, shemeji yako pia. Mpwa wako hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba nakuandikia. Mungu akulinde, akupe na usingizi mwema.

Dada yako,
anayekupenda hata unapokosea.