Mistari Minne ya Mugambi

Jumatatu, 4 Machi 1957. Nkubu.

Kwa daftari hili, salamu na heshima zipasazo. Kusudi la kuandika ni kukiri, bila kuficha, kwamba ninamhusudu Mugambi, mwalimu wa shule ya Kaaga. Sina mwingine wa kumweleza.

Niliweka meza yangu ya kuwaandikia watu barua mbele ya bucha la Salim kama kawaida. Maombi matatu: kibali cha kwenda Embu, mpaka wa shamba, kipande cha kitambulisho kilichopotea. Saa sita zikaja bahasha mbili kutoka ofisi ya mwakilishi wa Uhindi, Nairobi. Serikali ya huko inawapa Waafrika wachache nafasi katika vyuo vyake. Mugambi amekubaliwa. Mimi nimekataliwa.

Jumanne, 5 Machi.

Ombi lake niliandika mimi. Hilo ndilo linaloniuma. Alisema maombi ninayoandika mimi hayakataliwi. Tulitahiriwa asubuhi moja. Mwenzako wa rika akikuomba, humnyimi. Basi sikumnyima. Nilimpa mistari minne mikavu, makusudi: jina, shule, anachotaka kusoma, tafadhali.

Langu lilikuwa kurasa tano. "Kwa unyenyekevu usio na kifani." Miaka minane nimejifunza peke yangu kuandika hivyo.

Alhamisi, 7 Machi.

Mugambi aliniletea mkungu wa ndizi. Salim akapaza sauti kutoka buchani: "Mwalimu! Huko utalishwa dengu mpaka usahau nyama yangu!" Soko zima likacheka. Kisha akanigeukia: "Na wewe, Bwana Karani, mbona uso kama maini ya jana?"

Mugambi akanishika mkono. "Wewe ndiye umenipeleka, mwenzangu."

Afadhali angenitukana. Ndizi sijazigusa.

Jumamosi, 9 Machi.

Karani wa D.O., ofisa wa wilaya, amekuja. Mugambi hatapewa hati ya kusafiri mpaka mtu anayemjua tangu utotoni athibitishe kwa maandishi kwamba hakula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Chifu amenitaja mimi. Mwisho Ijumaa.

Nikinyamaza, hasafiri. Nani atanilaumu? Katika Hali hii ya Hatari kila mtu amenyamaza.

Lakini najua ukweli. Siku walipokusanywa watu wa kwao kulishwa kiapo, alikuwa kitandani kwangu, anatetemeka kwa malaria. Uji nilimnywesha mimi.

Jumatano, 13 Machi.

Nimeanza mara sita. Leo niliandika: "Inasemekana kwamba." Nikaweka kalamu chini. Kwa maneno hayo mawili angepelekwa kizuizini, na mimi ningebaki mtu mwenye heshima, mwenye mwandiko mzuri.

Niliyatazama mpaka wino ukakauka. Yalinipendeza. Ndipo nilipoogopa.

Nimeichana karatasi.

Alhamisi, 14 Machi.

Manyunyu tangu asubuhi. Sikutoa meza. Nilikwenda kwa D.O. kwa miguu, karatasi ndani ya koti. Karani aliipindua kutafuta upande wa pili. Akauliza, "Ni hii tu?" Nikasema ni hiyo tu.

Wivu haujaisha. Atapanda meli, nami nitaandika habari za vipande vilivyopotea. Jioni nimekula ndizi mbili. Zimeiva sana.

Nakala ya barua naiweka hapa:

Bwana D.O.,
Namjua Mugambi tangu utotoni.
Hakula kiapo; siku ile alikuwa mgonjwa nyumbani kwangu.
Naomba uamuzi wako.